Bahasha ya dola 3,000: uchambuzi wa wimbo mmoja uliokwama Lubumbashi

Ijumaa usiku, katika dakika ya 52 ya mchezo, mzee alimgeukia mpiga gitaa, akavua kofia, akamwomba amkopeshe dola 20. Hapo ndipo ukumbi mzima ulitakiwa kuvunjika mbavu. Mabenchi mawili ya mbele yalicheka, lakini hao walikuwa ndugu na watoto wa waigizaji, na mzaha ule walikuwa wameusikia kwenye repetisyo, yaani mazoezi, mpaka wameukariri. Kuanzia benchi la tatu kwenda nyuma watu waliangaliana. Mama mmoja mtu mzima akauliza kwa sauti: "Dola makumi mbili ya nini?"

Swali lake lilikuwa la haki. Tulihitaji siku mbili kulipatia jibu.

Mimi nilikaa pembeni ya jukwaa na daftari na simu. Sikuigiza wala sikupiga chombo. Kazi yangu ilikuwa kushika saa: kuandika onyesho limeanza lini, watu wamecheka wapi, wamekohoa wapi, nani ametoka kwenda kuvuta sigara. Ni kazi isiyo na sifa, hata kwenye picha ya mwisho sikuitwa, ila ukiifanya siku tatu mfululizo unaona mambo ambayo aliye jukwaani hawezi kuyaona.

Kikundi chetu ni cha mtaani: waigizaji tisa, kwaya ya vijana 12, gitaa moja, karindula moja, ngoma mbili. Hakuna anayelipwa. Tunachezea ukumbi wa parokia katika komini (sehemu ya mji) ya Kenya, yaani Kenya yetu ya Lubumbashi, Kongo, msomaji wa Nairobi asishtuke. Tulichagua mwezi wa saba kwa sababu moja tu. Paa la ukumbi ni bati tupu, na mvua ikipiga bati hata padri hasikiki, seuze mwimbaji. Mwezi wa saba huku hakuna mvua, kuna baridi. Watu wanakuja na makoti na blanketi za watoto, na mpiga karindula anawasha mbabula, jiko la makaa, nyuma ya pazia ili kukausha ngozi ya chombo chake. Karindula, kwa asiyeijua, ni banjo kubwa ya Katanga: pipa la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi, mpini mrefu, nyuzi nne. Ngozi ikilegea kwa umande, sauti inakuwa kama mtu anayepiga godoro.

Hadithi ya mchezo ni fupi. Mzee mjane aliyechimba mgodini miaka 30 anasikia kwamba bahasha yake ya mwisho imefika ofisini: dola 3,000. Kabla hajaiona kwa macho, nyumba inajaa watu. Anakuja shemeji yake, ambaye huku tunamwita shemeki. Anakuja mpwa wake aliyejifanya mchungaji wa kanisa la vyumba viwili. Anakuja jirani mjane ambaye ghafla ameanza kumletea bukari (ugali) na samaki kila jioni. Mwisho bahasha inafunguliwa, na ndani mna karatasi moja: rudi wiki ijayo na fotokopi ya kitambulisho.

Kampuni haikutajwa jina jukwaani, wala hakuna aliyeuliza. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, waliondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari, na katika Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ukikaa kwenye benchi lolote bega lako linagusa bega la mtu wa familia hizo. Kwa hiyo neno "bahasha" lilipotamkwa mara ya kwanza, watu walicheka kabla hatujafanya mzaha wowote. Kicheko cha namna hiyo ni mali, lakini ni mali yenye kelele, na mwandishi wa nyimbo zetu hakuiweka katika hesabu zake.

Hesabu yenyewe ndiyo roho ya kisa. Wimbo mkubwa wa mchezo una beti nne. Katika ubeti wa kwanza Shemeki anadai dola 800 za bati za nyumba. Katika wa pili mchungaji anadai 1,100 za spika za kanisa. Katika wa tatu jirani anaomba, kwa upole wa kutisha, 600 za friza ya kuuzia samaki. Katika wa nne mzee anabaki peke yake, anahesabu kwa vidole: zimebaki 500, na deni lake la dukani ni 520. Amepata bahasha ya dola 3,000 na amekuwa maskini kuliko jana kwa dola 20. Ndipo anamgeukia mpiga gitaa.

Mzaha huo hauwezi kuokolewa na uso wa kuchekesha au suruali kubwa. Ni hesabu ya kutoa. Asiyesikia 800, 1,100 na 600 hana cha kutoa, na anayeomba dola 20 mbele yake anaonekana tu kama mzee aliyeishiwa.

Sasa Ijumaa. Ubeti wa kwanza ulipangiwa sekunde 40. Simu yangu iliandika dakika 2 na sekunde 10. Anayeigiza Shemeki ni mama anayeuza samaki wa kukauka katika soko la Kenya, na ulimi wake ni wa soko kweli. Aliimba mistari miwili ya karatasi, akasikia watu wanacheka, akatoka kwenye karatasi. Alimweleza mzee jinsi bati za nyumba yake zinavyovuja, kwamba wakati wa mvua mume wake analala na mwavuli kitandani, kwamba hata mwavuli wenyewe ni wa kuazima. Ukumbi ulikuwa wake.

Gitaa halikuwa lake. Kijana anayelipiga amekulia kwenye kwaya, na kwa kwaya ubeti ni mizunguko minne, kisha kiitikio, basi. Mzunguko wa nne ulipoisha aliingia kwenye kiitikio. Mpiga karindula alibaki kwenye ubeti akimsubiri mama. Kwa karibu nusu dakika vyombo viwili vilikuwa katika sehemu mbili tofauti za wimbo mmoja. Kwaya ilichagua gitaa. Na katikati ya vijana 12 wakiimba kwa nguvu zote, mama alipiga kelele ile namba iliyobeba mchezo mzima: mia nane. Nilikuwa mita tatu kutoka kwake na mimi mwenyewe sikuisikia. Najua aliisema kwa sababu niliona midomo.

Ubeti wa pili ulikuwa hivyo hivyo, na mbaya zaidi. Wa tatu uliimbwa kama ulivyoandikwa, lakini namba moja kati ya tatu haimsaidii mtu.

Usiku ule kila mmoja alikuwa na mchawi wake. Wengine walisema ni mikrofoni. Hapana: mikrofoni ilikuwa moja na dhaifu, lakini ubeti wa tatu ulisikika vizuri kwa mikrofoni ileile. Wengine walisema mama anaongea sana. Wengine, kwa sauti ya chini, kwamba kijana wa gitaa hana damu ya michezo. Mimi naona kila mmoja wa hao wawili alikuwa sahihi ndani ya nyumba aliyolelewa.

Maana Lubumbashi ina nyumba mbili za kuchekesha, na ni za zamani. Miaka ya 1950, katika komini hii hii, vijana wa JECOKE, yaani Jeunes Comiques de la Kenya, walikuwa wanaimba, wanacheza na kutania katika onyesho moja, na mwimbaji Edouard Masengo alipita kwao kabla sauti yake haijafika Nairobi. Kwao mzaha ulikuwa ndani ya wimbo. Ukaja baadaye ule mchezo wa Mufwankolo, ambaye jina lake la nyumbani ni Odilon Kyembe Kaswili, mchekeshaji aliyewafanya wazee wetu wakae mbele ya televisheni na chakula kikapoa. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifuatana na kundi lake Mufwankolo likijenga mchezo kutokana na methali moja kuhusu mamlaka. Walijadili hadithi, wakagawana sehemu, na mazungumzo yenyewe yakatoka vinywani, kwenye mazoezi na kwenye onyesho. Hakuna aliyekariri kurasa. Hapa kwetu mwigizaji wa kuchekesha anayesoma karatasi anaonekana kama mpishi anayepika huku akisoma pakiti ya chumvi.

Mama yetu ametoka katika nyumba hiyo. Mpiga karindula naye, kwa sababu karindula ni muziki wa kilioni na kwenye baa, na pale mpigaji anamfuata mwimbaji popote aendako. Kijana wa gitaa ametoka kwenye vitabu vya nyimbo, na mwongozaji wetu, mwalimu wa Kifaransa, ametoka kwenye vitabu vyenyewe. (Huyu mwalimu anafundisha Molière, mwandishi wa komedi wa Ufaransa, kama maneno ya kukariri. Hajawahi kuwaambia wanafunzi kwamba ile komedi ya 1670 ya tajiri anayetaka kuwa mwungwana ilitungiwa muziki na mtunzi Lully na ilikuwa na ngoma ndani yake. Nilimwambia hivyo Jumapili. Hakufurahi.)

Lakini kuna jambo la pili lililotokea Ijumaa, na bila hilo huwezi kuelewa Jumamosi.

Anayeigiza mchungaji, alipoona mama amepata vicheko vyake, naye akatoka kwenye karatasi. Akamtania jirani mjane kwa neno "wakuja". Sentensi yenyewe sitaiandika. Kwa asiye wa huku: "wakuja" ni wale wanaoambiwa si wenyeji, na hasa watu wa asili ya Kasai, eneo jingine la Kongo. Mwaka 1992 na 1993 maelfu kwa maelfu ya familia hizo zilifukuzwa Likasi na Kolwezi, zikalala kwenye stesheni za reli zikingoja treni. Watoto wa wakati ule leo ni wazazi wanaoleta watoto wao kwenye ukumbi wa parokia. Baadhi ya watu walicheka. Katika benchi la sita mama mmoja alisimama, akawashika wanawe wawili mikono, akatoka kwa mlango wa pembeni. Niliandika saa: dakika ya 49. Dakika tatu kabla ya dola 20. Kwa hiyo hata waliokuwa wamesikia namba zote, kama walikuwapo, hawakuwa na moyo wa kucheka.

Jumamosi mchana mwongozaji aliita watu wote akatoa amri moja: kila mtu afuate karatasi, neno kwa neno, anayeongeza atabaki nyumbani. Nilimwelewa. Alikuwa na aibu, na alikuwa amezungumza na padri. Ila hapo alifunga mafurushi mawili kwa kamba moja. Neno la mchungaji lilikuwa jeraha la watu, na dawa yake ilikuwa kulitoa na kwenda kuomba radhi. Maneno ya Shemeki yalikuwa tatizo la muziki, na dawa yake ilikuwa kwa wanamuziki. Yeye akawapa wote sindano moja.

Jumamosi usiku mchezo ulichukua saa 1 na dakika 18 kamili. Namba zote zilisikika. Mia nane, elfu moja na mia moja, mia sita: mtoto wa darasa la tatu angeweza kuzijumlisha. Mzee alipoomba dola 20 watu walicheka kidogo, kwa adabu, kama mtu anayecheka mzaha wa bosi. Mama aliimba akiwa amesimama wima kama nguzo ya umeme. Nilihesabu wanne waliolala, mmoja wao ni mjomba wangu. Hesabu peke yake ilikuwa imefika salama, lakini hakuna aliyewajali wenye kuihesabu.

Jumapili baada ya misa tulikwenda kwa mama, mimi, kijana wa gitaa na mpiga karindula. Mwongozaji alikuja nyuma, hakualikwa. Mama alikuwa anapanga samaki kwenye beseni. Kijana alianza kwa heshima: "Mama, ukisema maneno mingi, miye napotea. Sijue minaingilia wapi."

Mama hakuinua kichwa. "Mutoto yangu, muntu akikuuliza bei ku soko, unamupa bei palepale? Hapana. Unamuchekesha kwanza. Bei inakuya nyuma. Na ukisha kutaja bei, unanyamaza."

Mpiga karindula ndiye aliyelidaka. Akasema: basi bei ndiyo mlango. Mama aseme atakalo, dakika moja, dakika tano, na sisi tuzunguke palepale kwa sauti ya chini, kodi mbili tu za gitaa (accords). Akishataja namba, anapiga paja, na kiitikio kinaingia. Baada ya namba, hakuna neno hata moja.

Hicho si kitu kigeni kwa gitaa la Katanga. Jean Bosco Mwenda, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, alikuwa anapiga kwa vidole viwili, gumba likishika besi na kidole cha pili kikiimba juu yake, na mzunguko wa namna ile unaweza kukaa bila kumchosha msikilizaji kwa sababu ndani yake kuna kitu kinatembea. Kijana alijaribu hapo hapo, ameketi juu ya ndoo. Mara ya tatu alianza kutabasamu. Alikuwa amefikiri kumngoja mama ni kukaa bure.

Mama akaongeza la pili, na hili hatukulitegemea. "Na ile mia nane yenu, nani anahesabu vile? Ku soko tunasema wisa."

Ni kweli. Mchezo ulikuwa umeandikwa kwa Kiswahili cha shule, na Lubumbashi hela haihesabiwi kwa Kiswahili cha shule. Ukiuliza bei ya kitu chochote utajibiwa kwa Kifaransa kilichopita mdomo wa huku: wisa ni 800, milsa ni 1,100, sisa ni 600. "Elfu moja na mia moja" ina silabi tisa. Mpaka msikilizaji amalize kuibadili kichwani mwake kuwa pesa, wimbo umeshafika ubeti wa tatu. "Milsa" ina silabi mbili na inaingia moja kwa moja mfukoni. Ijumaa, hata kama kwaya ingenyamaza, nadhani nusu ya ukumbi wangechelewa.

La tatu lilitoka kwa mwongozaji, na nampa haki yake. Alisema kiitikio kisirudie maneno matupu ya furaha, kirudie salio. Baada ya Shemeki kwaya iimbe zilizobaki: 2,200. Baada ya mchungaji: 1,100. Baada ya jirani: 500. Hivyo anayechelewa kusikia anapewa hesabu mara ya pili, bila kelele za mtu. Halafu akanywa chai yake akaenda kwa mchungaji wetu wa jukwaani. Walichozungumza sikujua, ila jioni ile neno lile halikurudi. Mama wa benchi la sita naye hakurudi. Mtu wa parokia alipeleka salamu nyumbani kwake, alipokelewa mlangoni.

Jumapili usiku Shemeki alizungumza dakika 3 na sekunde 40 juu ya kodi zile mbili. Mwavuli ulirudi, safari hii ukiwa na mwenye mwavuli anayekuja kuudai saa nane za usiku. Kisha akanyamaza, akamtazama mzee, akapiga paja: "Wisa!" Gitaa, karindula, ngoma na kwaya waliingia kama mlango uliofungwa na upepo. Kwenye kiitikio cha pili watu wa nyuma walikuwa wanaimba salio pamoja na kwaya. Kwenye cha tatu walikuwa wanaliimba kabla ya kwaya. Mzee alipohesabu vidole vyake na kugundua deni ni 520, kicheko kilianza hata kabla hajavua kofia, na alipomgeukia kijana wa gitaa hakuweza kusema sentensi yake. Alisimama sekunde 31 akingoja. Niliandika.

Halafu likatokea tusilolipanga. Papa mmoja wa benchi la nne, mwenye koti kubwa la zamani la kazi, aliinuka, akaja mpaka jukwaani, akaweka noti ya franka 1,000 katika kofia ya mzee. Matabishi, yaani bahshishi, kwa mwanamuziki ni desturi yetu, ila huyu hakumpa mwanamuziki, alimlipia mzee deni. Wa pili akaja. Wa tatu. Mama mmoja alitoa noti ya dola 5 akadai chenji. Kwaya ikaona isinyamaze, ikaanza kuimba salio kurudi nyuma, na ukumbi ukaimba nayo mpaka sifuri.

Ila ilibaki sehemu ya mwisho ya mchezo. Bahasha inafunguliwa, ndani mna karatasi tu, mzee anaketi chini analia, na kilio chake kina wimbo mzuri sana, labda mzuri kuliko nyimbo zote za mchezo. Jumapili wimbo huo ulikufa. Mzee alikaa chini na kofia imejaa noti akilia kwamba hana kitu. Watoto wa mbele walimwonyesha kofia. "Baba, iko hapa!" Alijaribu kuisukuma kwa mguu nyuma ya kiti, wakaichungulia na kumwambia tena.

Mwezi wa nane tunakwenda Kipushi, kilomita 30 hivi kutoka hapa, nako kila nyumba inajua bahasha ni nini. Kijana wa gitaa anataka bahasha ifunguliwe kabla ya wimbo mkubwa. Mwongozaji anataka mzee azirudishe zile noti moja moja, akimwambia kila aliyetoa kwamba deni si lake. Mama anasema tuache kama ilivyo, na mzee alie kwa sababu watu wa mtaa wamemlipa na aliyemwajiri hakumlipa. Kwa upande wangu nimeomba kitu kimoja tu, kofia isiyo na shimo: Jumapili tulihesabu franka 14,500 mezani, na mfagiaji akatuletea 2,000 nyingine kutoka chini ya mbao.